Ubao wa michezo wa kujitengenezea: kibodi ya zamani, kadi ya bei rahisi, I-PAC au Pico?

Ubao wangu wa kwanza uliniaibisha mbele ya watoto. Kwa macho ulipendeza: mbao iliyopakwa rangi nyeusi, fimbo mbili, vitufe kumi na viwili, vyekundu upande mmoja na vya njano upande wa pili. Niliupeleka kwenye chumba cha michezo cha mdogo wangu, komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, na foleni ikajipanga yenyewe. Mapambano mawili ya Street Fighter II hayajaisha, mtoto mmoja akanigeukia: "Yaya, hii butoni haikamate!" Nikaibonyeza mimi, ikafanya kazi. Akaibonyeza yeye peke yake, ikafanya kazi. Wakirudi kucheza wawili, inakufa tena.

Jioni nzima iliisha nikipima waya kwa mita kabla sijaelewa kwamba kitufe kilikuwa kizima na waya zilikuwa nzima. Ubovu ulikuwa kwenye ubongo nilioupa ubao ule: kibodi ya ofisi niliyoipasua, klavie kama tunavyoiita huku. Tangu hapo mtu akiniuliza anunue fimbo ya aina gani, namwambia aniambie kwanza ubongo. Fimbo mbaya unaitoa kwa skrubu nne. Ubongo mbaya unakufumulisha waya zote.

Tuelewane na majina. Ubao ni ile mbao au bati lenye fimbo na vitufe. Ubongo ni kadi ya umeme iliyo chini yake, inayogeuza mguso kuwa ujumbe wa USB. Nimezitumia kadi tatu kati ya hizi nne kwa mikono yangu. Ya nne nimeifunga kwenye ubao wa rafiki.

Kibodi au manete?

Kila ubongo ukichomekwa kwenye kompyuta hujitambulisha. Ama unasema "mimi ni kibodi", ama unasema "mimi ni manete", yaani kile kidhibiti cha mkononi cha PlayStation na ndugu zake. Jambo hili dogo lina uzito kuliko bei, na kwetu lina uzito zaidi kuliko kwa mtu wa Marekani, kwa sababu kompyuta zetu nyingi ni za mpangilio wa Kifaransa, AZERTY.

Kibodi ya USB haitumi herufi. Inatuma namba ya mahali pa kitufe, na kompyuta ndiyo inayoamua mahali pale paitwe nini. MAME, programu ya kuchezea michezo ya mashine za zamani iliyotolewa mara ya kwanza Februari 1997 na Nicola Salmoria wa Italia, ina mpangilio wake wa kuzaliwa nao. Mchezaji wa kwanza anatumia mishale, Ctrl ya kushoto, Alt ya kushoto na kitufe cha nafasi. Wa pili anatumia R, F, D, G kwa mwelekeo, na A, S, Q, W kwa vitufe. Sarafu inaingia kwa 5, mchezo unaanza kwa 1. Sasa chukua kadi inayofuata mpangilio huo, uichomeke kwenye mashine ya AZERTY: palipo A panasomwa Q, palipo W panasomwa Z, na ile safu ya namba bila Shift inatoa alama badala ya 1 na 5. Programu zinazosoma mahali hazisumbuki. Zinazosoma herufi zinachanganyikiwa, na menyu ndizo za kwanza. Si msiba, unaingia kwenye mipangilio na kufundisha kitufe kimoja kimoja. Lakini fanya hivyo kwa programu tatu, halafu umeme ukatike kabla hujahifadhi, utanikumbuka.

Kuna la pili. Kibodi ya kawaida ya USB hutuma ripoti ya baiti 8: moja ya Ctrl, Alt, Shift na wenzao, moja haitumiki, na sita za vitufe vingine. Kwa hiyo vitufe vya kawaida vinavyoweza kusomwa kwa wakati mmoja ni sita. Piga hesabu. Mchezaji wa kwanza anasukuma fimbo kimshazari: mishale miwili. Anabonyeza Ctrl na Alt: hizo hazihesabiwi, zina baiti yake. Mchezaji wa pili anasukuma kimshazari, R na G, anabonyeza A na S: vinne. Jumla sita, nafasi imejaa. Yeyote akiongeza kitufe kimoja cha kawaida, kuna kitakachoachwa nje. Ndipo unaona kwa nini kutumia Ctrl na Alt kwa ngumi ni jambo la akili, hata kama mwanzoni linaonekana la ajabu.

Manete haina shida hizo. Kila kitufe kina nafasi yake ndani ya ripoti, na Kifaransa au Kiingereza hakimhusu. Shida yake ni nyingine: manete mbili za aina moja hufanana kama mapacha, na kompyuta ikiwaka upya inaweza kumwita wa pili kuwa wa kwanza. Watoto wanacheza dakika nzima kila mmoja akimwendesha mwenzake, na kelele zake unazijua.

Kibodi iliyopasuliwa

Nianze na hii kwa kuwa ni ya bure na kila mtu anaifikiria kwanza. Unaifungua, unatoa kadi ndogo iliyo ndani, unaunganisha waya mahali pa zile karatasi za plastiki.

Ndani ya kibodi hakuna waya kwa kila herufi. Kuna safu na nguzo, na kila kitufe kinakaa pale safu moja inapokutana na nguzo moja. Kadi inauliza safu moja baada ya nyingine: nani kabonyezwa? Ukibonyeza vitufe vitatu vilivyo kwenye pembe tatu za mstatili, umeme unazunguka na kufika pembe ya nne, na kadi inaona kitufe ambacho hakuna aliyekigusa. Watengenezaji wa kibodi nzuri huweka diodi, kijipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye kila kitufe kuzuia mzunguko huo. Wa kibodi rahisi huamua tu kwamba kitufe cha tatu kikileta utata, kinyamazishwe. Hicho ndicho "hii butoni haikamate".

Unaweza kukwepa kwa kuchora ramani ya safu na nguzo na kuchagua herufi zisizogongana. Nilifanya. Siku mbili na daftari. Halafu ukutane na vituo vya kadi vyenyewe, ambavyo mara nyingi ni kaboni iliyopakwa, na bati la kulehemu haliishiki. Na kwa kuwa hakuna waya wa pamoja, kila kitufe kinadai waya zake mbili, na chini ya ubao panakuwa kama nywele zisizosukwa.

Nani aichague? Mtu anayetaka kujifunza, mchezaji mmoja, michezo ya zamani. Pac-Man ya 1980 inataka fimbo peke yake, haina hata kitufe cha kupiga. Kwa hiyo kibodi inatosha kabisa. Kwa wawili wanaopigana, hapana.

Kadi ya bei rahisi ya USB

Ni ile kadi ya kijani au nyekundu inayouzwa pamoja na fimbo na vitufe ndani ya mfuko mmoja, imeandikwa kwamba haina ucheleweshaji wowote. Hilo ni jina la dukani. Kadi nzuri zinaishinda kwa wepesi, ila mtoto anayecheza kwenye televisheni ya zamani hatatambua, kwa sababu televisheni yenyewe nayo ina uvivu wake.

Inajitambulisha kama manete. Waya zake zinakuja zimeshatengenezwa: upande mmoja plagi nyeupe ya kuingiza kwenye kadi, upande wa pili vibanio vya kuvalisha kitufe. Hakuna kulehemu. Nimemwona kijana wa miaka kumi na mitatu akimaliza kuunganisha kabla sima haijaiva. Kwa mtu asiye na chuma cha kulehemu hakuna njia fupi kuliko hii.

Udhaifu wake ni ule wa mapacha. Ubao wa wawili unahitaji kadi mbili, na zote zinajiita jina lile lile. Dawa yangu si ya kitaalamu: nimeandika 1 na 2 kwa rangi ya kucha kwenye plagi na kwenye matundu ya kompyuta, na mdogo wangu ameapa kutozibadilisha. Kwenye Linux unaweza kuandika kanuni inayomtambua mchezaji kwa tundu alilochomekwa, ambayo ni ile ile rangi ya kucha kwa lugha ya programu.

Kitu kingine: kadi ina nafasi ya kitufe cha Turbo, kinachopiga ngumi mfululizo ukikishikilia. Kwenye chumba cha michezo usikiunganishe. Kitaleta ugomvi.

I-PAC

Hii inatoka kampuni ya Ultimarc ya Uingereza, na ndiyo kadi ambayo watu wa ubao wamekuwa wakiisifu kwa miaka mingi. I-PAC 2 ina miingilio 32, kila mmoja na skrubu yake, kwa hiyo hakuna safu na nguzo na hakuna kitufe cha kizuka, kile kinachoonekana bila kuguswa. Wachezaji wawili wanakaa kwenye kadi moja na kebo moja. Tatizo la mapacha linakufa hapo.

Ikitoka kwenye boksi inajitambulisha kama kibodi na inafuata mpangilio wa MAME niliouandika juu, ndiyo maana inafanya kazi dakika ile ile na MAME, na ndiyo maana AZERTY inakupiga kofi dakika inayofuata ukifungua programu nyingine. Unaweza kuubadilisha mpangilio kwa programu yake ya kompyuta.

Nilichokipenda ni kitufe cha kuanza cha mchezaji wa kwanza: ukikishikilia, vingine vinabadilika kazi. Shikilia hicho, bonyeza cha kuanza cha mchezaji wa pili, unapata Esc, unatoka kwenye mchezo. Huhitaji kutoboa matundu ya ziada kwa ajili ya menyu, na mtoto hatoki kwenye mchezo kwa bahati mbaya.

Kikwazo ni njia. Haipo sokoni hapa. Lazima iagizwe, ipate mtu anayesafiri, ipokelewe. Ikiharibika, unaanza safari upya. Ubao wa rafiki niliouunganisha umekaa nyumbani kwake sebuleni, wachezaji wanaostahiana, na I-PAC inastahili mahali kama hapo. Katuba nisingeiweka.

Pico

Raspberry Pi Pico ilitoka Januari 2021 kwa dola 4. Ikishavuka mpaka wa Kasumbalesa na kupita mikono mitatu usiitegemee bei hiyo, lakini bado iko chini. Ni kadi ndogo kama kipande cha chingamu, ina pini 26 za kutumia, na peke yake haijui lolote kuhusu michezo. Unaipa akili kwa programu ya bure iitwayo GP2040-CE.

Kuiweka ni rahisi kuliko inavyosikika. Unashikilia kitufe cha BOOTSEL huku unaichomeka kwenye kompyuta. Inatokea kama diski ya USB. Unaburuta faili moja ndani yake, basi. Mipangilio inafanywa kwa kivinjari: unaichomeka huku umeshikilia kitufe cha kuanza, unafungua 192.168.7.1, ukurasa unatokea. Ukurasa huo unatoka ndani ya Pico yenyewe, hautumii intaneti. Kwa anayenunua megabaiti za siku moja moja, hii ni faida kubwa: unapakua faili mara moja, ambalo ni dogo, na baada ya hapo unaweza kubadilisha mpangilio hata mtandao ukiwa umelala. Mipangilio inakaa kwenye kumbukumbu ya kadi. Umeme ukikatika haipotei.

Tena inajua lugha nyingi. Inaweza kujitambulisha kama manete ya Xbox kwa kompyuta, ya Nintendo Switch, ya PS3, au kama kibodi. Ya PS4 pia, ila bila uthibitisho wa Sony mashine inaitupa nje baada ya dakika 8. Chumba chenye PS3 na kompyuta ya zamani bega kwa bega kitaona maana yake.

Mambo ya kuvumilia: lazima ulehemu, au upate ile iliyokwisha kuwekewa pini. Tundu lake ni la micro-USB, ile kebo ya simu za zamani. Bora, kwa sababu kila nyumba ina moja kwenye droo, lakini ukivutavuta kebo tundu linang'oka. Ifunge kebo kwenye mbao kwa kamba ya plastiki sentimita chache kabla ya kadi. Pini zake ni za volti 3.3, kwa hiyo taa za vitufe za volti 5 usiziunganishe kwenye pini hata kwa majaribio. Na kwa wawili unahitaji Pico mbili, kwa hiyo rangi ya kucha inarudi.

Watu wengine wanatumia kadi kama Arduino Leonardo au Pro Micro, zenye chipu ya ATmega32U4 inayojua USB yenyewe. Zinafaa ikiwa unayo tayari. Arduino Uno iache; haijitambulishi kama manete bila kuipigia magoti.

Mbao au bati, fimbo ya nani

Hapa sitakaa sana, lakini kuna mtego mmoja. Vitufe vya Kijapani kama Sanwa OBSF-30 vina vidole vya plastiki vinavyobana bati jembamba. Tundu ni milimita 30. Vya Kimarekani, mtindo wa Happ, vina shingo ndefu yenye nyuzi na nati. Tundu ni kama milimita 28. Kwenye mbao ya milimita 18 vile vya Kijapani vinaketi tu, havina cha kubana, hivyo chukua vya nati. Kwenye bati la milimita 2, la fundi anayechomelea mageti na mbabula, vya Kijapani vinalala vizuri ajabu. Amua unene kabla ya kununua vitufe, maana tundu la 28 halipokei kitufe cha 30, na la 30 linamwacha wa 28 akitetemeka.

Mbao zilizoshindiliwa kwa unga, zile za makabati ya bei rahisi, zinanywa maji ya masika na kuvimba kwenye kingo. Paka rangi hata ndani ya matundu. Kontreplake, yaani plaiwudi, ni bora. Kuna aliyenishauri mukula. Mbao ile nyekundu na nzito kwa ajili ya kupigia ngumi? Hapana.

Fimbo: Sanwa JLF ni laini, ina mpira juu, na chini yake kuna fremu ya mraba inayozuia mwendo. Ya Kimarekani ni ngumu, ina kichwa kama cha peasi, inavumilia mikono mizito. Kwa chumba cha watu wengi ningechukua ngumu. Kwa michezo ya njia nne kama Pac-Man au Donkey Kong ya 1981, fremu ya JLF unaweza kuizungusha nyuzi 45 iwe kama almasi, mishazari ikafa, na jini akaacha kukukamata kwenye kona bila sababu.

Ningekuwa mimi

Huna chuma cha kulehemu na unataka kucheza Jumamosi hii: kadi ya bei rahisi, moja kwa kila mchezaji. Una sebule tulivu, kompyuta moja, MAME, na ndugu anayerudi kutoka Ulaya na nafasi kwenye begi: I-PAC. Una mashine za aina mbili, fundi wa redio jirani, na watoto wasio na huruma: Pico, na ununue moja ya akiba. Kibodi, nimeshasema.

Kwa chumba cha Katuba nilifumua waya zote na kuweka Pico mbili. Waya wa pamoja, ule mafundi wa umeme wanaouita masi, unaruka kutoka kitufe hadi kitufe mpaka mwisho, na kila kitufe kina waya mmoja tu wa kwake kwenda kwenye pini. Kontreplake ya juu ni ile ile, yenye kovu la kibodi.

Ukifika kwenye fimbo, kabla hujafunga ubao, ijaribu. Mti wa fimbo unaegemea katikati, kwa hiyo ukisukuma juu, sehemu ya chini inakwenda kinyume na kubonyeza swichi ya chini; kushoto inabonyeza ya kulia. Mimi niliunganisha juu kwa juu, nikafunga skrubu kumi na nne, nikawasha, na mpiganaji wangu akachuchumaa kila nilipomwambia aruke. Watoto walicheka mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza kuna nini.